Ramani ilikuwa bluu, Kitonga kumefunga: pa kuulizia njia kabla hujawasha gari

Nimeulizwa hivi, nimelifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Desemba iliyopita tulitoka Dar na watoto wawili kwenda Mbeya, Google Maps ilikuwa bluu mwanzo mwisho, tumefika Kitonga saa saba mchana tukakuta semi limelala, tumetoka pale saa mbili usiku. Mwaka huu tunaenda tena na mume wangu anasema safari hii bora tutembee usiku. Hivi mtu wa kawaida mwenye gari dogo anapata wapi habari za uhakika za barabara kabla hajatoka?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni, masaa saba pale mlima Kitonga, kabla hujafika Iringa, na watoto siyo mchezo. Mimi njia hiyo nimeianza nikiwa dereva wa IT, yaani yale magari ya transit yanayopelekwa nchi jirani, nikahamia semi, sasa hivi nimekaa mezani napanga magari ya kwenda Tunduma, kwa hiyo hilo unalouliza ndo kazi yangu ya kwanza kila alfajiri kabla hata ya chai.

Niitetee ramani kwanza maana watu wanaisingizia sana. Google Maps haina kamera Kitonga na wala haina mtu amekaa pale na redio, inachofanya ni kupokea mwendo wa simu za watu waliowasha lokesheni na data, inaangalia kipande fulani cha barabara simu zinatembea spidi gani, inalinganisha na siku za kawaida, zikiwa zinajikokota inapaka rangi ya chungwa au nyekundu. Basi. Yenyewe haijui kama zinajikokota kwa sababu ya ajali, msafara, ng'ombe au harusi, mpaka mtu aripoti. Kuna msanii mmoja Mjerumani, Simon Weckert, mwaka 2020 alionyesha video yake akiwa Berlin, kapakia simu 99 kwenye kigari cha kuvuta kwa mkono akatembea nazo taratibu katikati ya mtaa mtupu, ramani ikaona simu 99 zinatambaa ikapaka mtaa mzima wekundu. Sasa Kitonga ni kinyume chake, magari mia yamesimama lakini nusu ya madereva wamezima data kuokoa bando, wengine wana simu za kitochi zisizo na intaneti, na netiweki yenyewe kwenye zile kona inakuja na kuondoka, kwa hiyo ramani inapata simu chache au haipati kabisa. Ikikosa simu haikwambii "sijui", inakuchorea bluu yake ya kawaida na wewe unaisoma kama kweupe.

Alafu kuna suala la muda ambalo watu wengi hawalifikirii. Nyie mliangalia ramani saa ngapi, saa kumi alfajiri mkiwa Mbezi? Kitonga mmefika saa saba mchana. Hata kama ramani ingekuwa sahihi kabisa ilikuwa inakwambia habari za Kitonga ya saa kumi, na kwenye hayo masaa tisa lori lina muda wa kutosha kupanda, kushindwa na kulala. Habari ya barabara inachacha haraka kuliko maziwa.

Kwa hiyo ramani itumie pale inapojua kazi, na inajua kazi vizuri sana kuanzia unapokaa mpaka Mlandizi hivi, maana huku simu ni nyingi na zote zina bando. Usiku wa kabla ya safari ingia kwenye ile sehemu ya kuweka saa ya kuondoka, jaribu saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, utaona muda wa kufika Chalinze unavyobadilika, yaani lisaa limoja la kuchelewa kutoka linaweza kukugharimu lisaa lingine njiani. Ila zile hesabu zinatokana na siku zilizopita, sasa tarehe 22 mpaka 24 Desemba siyo siku za kawaida, mimi huwa naongeza lisaa langu juu ya wanachosema. Waze nayo ipo, ni ya Google hiyohiyo tangu 2013, tofauti yake inategemea zaidi watu wenyewe kuripoti ajali, askari, shimo. Dar inasaidia. Ukishavuka Chalinze waripoti wanakwisha, usikae unaisubiri. Na kama umepakua ramani ya kutumia bila intaneti, vizuri sana, inakuonyesha njia hata Mikumi ndani, lakini kumbuka hiyo haina foleni hata moja, imekaa tu kama atlasi.

Sasa baada ya Chalinze unaulizia wapi? Kwa watu. Najua unategemea nikutajie programu nyingine ila sina, sisi wenyewe wenye magari ishirini barabarani tunapiga simu. Tofauti yetu na nyie ni kwamba tunajua pa kupiga na cha kuuliza.

Mtu wa kwanza ni mkata tiketi wa basi. Kama uliwahi kupanda basi la Mbeya au Tunduma una namba ya wakala pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kama huna basi jirani anayo. Usimuulize "njia ikoje", yule anauza siti, atakwambia njia nzuri tu dada karibu. Muulize hivi: basi lenu la jana limeingia Mbeya saa ngapi? Akikwambia saa moja jioni kama kawaida umeshajibiwa. Akikwambia saa sita usiku, hapo ndo unauliza lilikwama wapi. Na tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku imekuwa rahisi zaidi, zamani habari yako ya mwisho ilikuwa ya jana jioni, siku hizi alfajiri unapotoka kuna dereva kapita Kitonga saa nane usiku na kondakta wake yuko macho, mtafute huyo.

Wa pili ni madereva wa malori na wa IT. Hawa wana magrupu ya WhatsApp ambayo habari inafika kabla ya askari kufika. Huna haja ya kuingia humo, utachoka na picha, tafuta tu mtu mmoja aliyemo, kila ukoo una dereva. Ila kuwa makini na klipu. Mimi mwaka 2023 nilitumiwa video ya barabara imekatika, maji mekundu yanapita, watu wamesimama ng'ambo, maandishi yanasema "sasa hivi". Nikasimamisha magari matatu Chalinze. Yamelala pale usiku mzima, kesho yake kijana wa ofisini ndo ananionyesha kwamba kwenye video nusu ya watu wamevaa barakoa, yaani klipu ya enzi za korona. Tajiri alinisema mpaka nikatamani kurudi kuendesha. Tangu siku hiyo sipokei klipu, nataka sauti ya mtu anayesema "mimi nipo hapa", na namuuliza maswali matano: umepita wewe mwenyewe au umesikia? Saa ngapi? Wanapitisha upande mmoja mmoja au hakuna anayepita kabisa? Winchi imefika? Mkia wa foleni uko wapi?

Hilo la winchi naomba ulishike. Semi likilala Kitonga kinachoamua utakaa lisaa au masaa saba siyo ukubwa wa ajali, ni winchi iko wapi. Kama ishafika na wanapitisha upande mmoja, mara nyingi gari ndogo mnapenyezwa mapema kuliko sisi. Kama bado inatafutwa, basi tafuta pa kula.

Hapa niseme kidogo kuhusu ofisi za serikali maana watu wanazibeza wakati kwa baadhi ya mambo zenyewe ndo zenye neno la mwisho. Barabara kuu zote na za mikoa ni za TANROADS, zile za wilaya na mitaa ni za TARURA, kwa hiyo ukiuliza TARURA kuhusu Kitonga unamwonea mtu. TANROADS wana meneja kila mkoa, na wakifunga daraja au kuweka mchepuko wanatoa tangazo, tena kurasa zao za mitandaoni wanaweka. Kwa ajali ya saa mbili zilizopita usiwategemee, kwa ujenzi na madaraja ndo mahali pake. Wiki moja kabla ya safari angalia kwao, hasa kipande cha kuingia Mbeya mjini kuanzia Uyole, maana ujenzi wa njia nne unabadilisha michepuko kila mara na foleni ya pale inakula muda kuliko mlima.

TMA wale wa hali ya hewa wanatoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya, na wana ngazi tatu: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Desemba nyanda za juu kusini mvua ndo imeshika, Iringa na Mbeya zina msimu mmoja wa kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo hata Dar pakiwa jua kali huko juu kunaweza kuwa kumenyesha usiku kucha. Ukiona rangi ya chungwa kwa Morogoro, Iringa au Mbeya anza kuwaza njia ya pili. Nyekundu ahirisha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitangazwa kabla hakijafika, watu wakaona ni mambo ya TV, mara barabara ya Lindi na Mtwara imekatika maeneo ya Somanga na magari yamekwama pande zote mbili. Aliyesoma tangazo akabaki Dar siku mbili tatu hakupoteza kitu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nadhani ndo lilikukosesha mwaka jana, na siyo kwamba hukuwa na habari, ni kwamba uliangalia mara moja tu nyumbani. Habari ya barabara ina kazi pale ambapo bado una njia panda mbele yako. Ukishavuka njia panda, hata ukijua vipi Kitonga kumefunga huna cha kufanya zaidi ya kuhuzunika mapema. Kwa hiyo sisi tunauliza kwa njia panda, siyo kwa saa.

Ya kwanza ni hapo mjini kabla hujaingia Morogoro Road. Kama mnatokea Tegeta, Bunju, Mbezi Beach huko, na umeona Kibaha au Mlandizi kuna wekundu wa kweli, mna njia ya Bagamoyo mpaka Msata halafu mnashuka Chalinze. Inaongeza kilometa kadhaa kutegemea mnatokea wapi, ila lami nzuri na magari machache. Mto Msimbazi ukimwagika pale Jangwani ndo usijadili, watu wa katikati ya mji kukatiza pale huwa hakuna.

Ya pili ndo kubwa kuliko zote, Morogoro, pale Msamvu. Hapa simama. Kunywa chai, watoto waende chooni, piga simu. Maana ukipita Msamvu kwenda Mikumi umejifunga mpaka Iringa, lakini ukiwa Msamvu bado unaweza kukunja kwenda Dodoma, ukashuka Iringa kupitia Mtera, lami tupu. Ila hesabu vizuri usije ukakurupuka: Morogoro mpaka Iringa kwa Mikumi ni kilometa 300 na kidogo, kwa kuzunguka Dodoma ni zaidi ya 500, kwa hiyo unaongeza kilometa 200 na ushee, ambayo kwa gari dogo na matuta na tochi za trafiki njiani ni masaa matatu mpaka manne. Lori likilala na winchi iko njiani, kwenda mbele na kusubiri ni nafuu kuliko kuzunguka. Mimi nageuza gari Msamvu kwa mambo mawili tu, daraja limekwenda au gari la mafuta limepinduka, maana hilo la mafuta hawaruhusu mtu kusogea mpaka wahakikishe, na wako sahihi. Na hiyo njia ya Dodoma nayo usiichukulie kama ipo tu milele, iulizie pia. Machi 2020 pale Kiyegeya, Gairo, maji yalibeba barabara, na kipindi kile wa Dodoma ndo walikuwa wanazungukia Iringa.

Mikumi mjini ni ya tatu, ingawa siyo njia panda ya kukusaidia sana, ile ya kukata kwenda Ifakara usidanganywe kwamba unaweza kutokea Njombe na watoto kwenye gari la chini. Mikumi ni pa kuamua kama unaendelea au unapumzika, kwa sababu kuna vyumba, kuna chakula, kuna netiweki. Ukipata habari Kitonga kumefunga kabisa, kaa Mikumi. Ukishafika Ruaha Mbuyuni kurudi Msamvu ni kama kilometa 190, hakuna atakayerudi.

Ruaha Mbuyuni yenyewe kuna kitu kimoja ambacho hakiko kwenye simu. Pale ndo kwenye vitunguu, na magari yanayotoka Iringa yanasimama kununua. Simama na wewe. Angalia magari yanayotoka juu: yakiwa yanakuja moja moja mlima uko wazi, yakiwa hayaji kabisa kwa dakika kumi na tano kumefunga, yakija mkupuo wa arobaini kwa pamoja halafu kimya, ujue wanapitisha kwa zamu. Halafu muulize dereva wa kwanza atakayeshuka. Huyo kapita Kitonga punde tu, hakuna setilaiti itakayokupa hiyo.

Njiani kwenyewe simu ashike asiyeendesha, na hilo siyo kwa sababu ya trafiki tu. Nunueni bando la mitandao miwili tofauti, mmoja ukikata mwingine unaweza kushika, na mtu mmoja kabla ya kuingia hifadhini Mikumi atume ujumbe "tunaingia saa fulani" kwa anayewangoja. Mkiwa mnakutana na magari yanawawashia taa msidhani kila mara ni tochi, punguza mwendo kwanza utajua baadaye. Na mkiona matawi yamelazwa barabarani hakuna haja ya kutafsiri, mbele kuna gari limekufa, mara nyingi kwenye kona.

La mume wako sasa. Msikilize nusu. Usiku Dar na Kibaha kunapitika vizuri na hapo yuko sahihi kabisa, lakini usiku kucha mpaka Mbeya mimi siwashauri, na sababu yangu ya kwanza siyo majambazi kama watu wanavyodhani. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kama kilometa 50, mchana mwisho 70, usiku 50, na nyati mweusi kwenye lami nyeusi humuoni mpaka umemfikia, bado faini ya kugonga mnyama, bei zake zimeandikwa kwenye bango pale kila mnyama na yake. Lakini zaidi ya hapo, usiku ndo habari zinakufa. Wakata tiketi wengi wamelala, yule dereva wa ukoo wenu amelala, winchi inachelewa kutoka, Kitonga gizani huoni mkia wa foleni mpaka taa zako ziumulike.

Kwa hiyo tokeni saa tisa na nusu au kumi alfajiri, Msamvu mfike kunapambazuka au jua limetoka, mpige simu zenu hapo, Mikumi mpite mchana, vitunguu saa nne au tano, Kitonga kabla ya saa sita. Iringa laleni, msijitese na watoto. Wenye nguvu wanaunganisha lakini kutoka Iringa mpaka Mbeya bado ni kilometa 300 na ushee, na asubuhi mtaanza upya: Mafinga mpaka Makambako kuna siku ukungu unakaa mpaka saa tatu, hilo muulize mlinzi wa lodge, yeye amekesha nje na madereva wanaoshuka wamemsalimia. Alafu saa mbili asubuhi mpigie huyo mnayemwendea Mbeya, mwambie asikwambie "njia nzuri", atoke mpaka Uyole akaangalie, au kama ni mvivu amuulize bodaboda anayepaki pale njia panda.